Uthibitisho wa Ajira ya Mwenzi wa Ndoa katika Ombi la Viza ya Makazi ya Uingereza: Masharti, Hesabu na Lugha Yake

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini ukweli wake huwafikia hata wanandoa waliotenganishwa na bahari. Chukulia mume anayefanya kazi ya udereva wa basi mjini Leeds, na mkewe anayeishi Kisumu. Mume huamka alfajiri, huenda kazini, hulipwa na hutuma fedha nyumbani. Jamaa na majirani wote wanajua kwamba ameajiriwa. Hata hivyo, siku mke anapoomba viza ya kwenda kuishi naye, ujuzi wa majirani hauna uzito. Afisa anayelikagua ombi hamjui mume wala mke. Anachokijua ni karatasi zilizowekwa mbele yake, na ajira isiyoonekana katika karatasi hizo huhesabiwa kana kwamba haipo.

Makala hii inanuia kufafanua namna ajira ya mwenzi wa ndoa inavyothibitishwa katika ombi la viza ya makazi ya Uingereza. Uingereza imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kuna uhusiano wa muda mrefu baina yake na Kenya, na familia nyingi za Kenya zina jamaa huko. Pili, kanuni zake za uhamiaji zimetaja kwa undani hati zinazokubalika, kiasi kwamba ombi la wanandoa wa kweli laweza kukataliwa kwa sababu ya barua iliyosahau sentensi moja. Aidha, makala inaangazia dhima ya lugha katika shughuli hii, maadam wasomi wa Kiswahili ndio huombwa mara kwa mara kutafsiri hati za aina hii.

Katika ufafanuzi huu, mwombaji ni mwenzi aliye nje ya Uingereza anayetaka kuingia. Mdhamini ni mwenzi wake ambaye ni raia wa Uingereza au mkaazi wa kudumu huko, au aliye katika mojawapo ya makundi mengine machache yaliyotajwa na kanuni, kama vile wakimbizi waliotambuliwa. Ifahamike pia kwamba mume au mke wa mtu aliyekwenda Uingereza kwa viza ya kazi au ya masomo hufuata kanuni nyingine, ambazo hazijadiliwi hapa.

Chimbuko la Sharti la Mapato

Kabla ya mwaka 2012, wanandoa walitakiwa kuonyesha kwamba wangeweza kujikimu ipasavyo bila kutegemea misaada ya umma. Hapakuwa na kiwango kimoja kilichowekwa kwa wote. Afisa alipima mapato na matumizi ya familia husika. Mnamo tarehe 9 Julai 2012 mambo yalibadilika. Serikali iliingiza katika kanuni za uhamiaji kiambatisho kinachohusu familia, na ndani yake ikaweka kiwango cha chini cha mapato: pauni 18,600 kwa mwaka, na nyongeza kwa kila mtoto asiye raia. Kiwango hicho kilikokotolewa kwa kuzingatia mapato ambayo familia ikiyafikia haistahiki tena misaada mikuu inayotolewa kwa watu wenye kipato kidogo.

Sharti hilo lilipingwa mahakamani. Tarehe 22 Februari 2017, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa uamuzi kwamba kuwapo kwa kiwango cha chini si kinyume cha sheria, ingawa ilikiri kuwa kanuni hiyo imewasababishia wengi dhiki. Hata hivyo, mahakama iliona kasoro katika mambo mawili: kanuni hazikuzingatia ipasavyo maslahi ya watoto, na maagizo kwa maafisa yaliwazuia kutazama vyanzo vingine vya fedha pale ambapo haki ya maisha ya familia ilikuwa hatarini. Kwa sababu hiyo, kanuni zilirekebishwa mwezi Agosti mwaka huohuo.

Mnamo tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kilipandishwa hadi pauni 29,000 kwa mwaka, na nyongeza ya watoto ikaondolewa kwa waombaji wapya. Waliokuwa wameingia katika njia hii kabla ya tarehe hiyo waliruhusiwa kuendelea na kiwango cha zamani wanapoomba kuongezewa muda pamoja na mwenzi yuleyule. Serikali iliyotangulia ilikuwa imetangaza kwamba kiwango kingepanda tena hadi 34,500 na hatimaye 38,700, lakini serikali iliyoingia madarakani Julai 2024 ilisitisha nyongeza hizo na kuiagiza kamati yake ya ushauri wa uhamiaji kuliangalia suala hilo upya. Ripoti ya kamati ilitolewa Juni 2025. Hesabu zote katika makala hii zimetumia kiwango cha pauni 29,000. Kwa kuwa kiwango hiki kimekuwa kikibadilishwa, mwombaji hana budi kuhakikisha kile kinachotumika siku anapowasilisha ombi lake.

Jambo moja huwashangaza wengi. Katika ombi la kuingia Uingereza kwa mara ya kwanza, mshahara unaozingatiwa ni wa mdhamini peke yake. Mwombaji anaweza kuwa mhadhiri, daktari au meneja wa benki jijini Nairobi, lakini mshahara wake wa Kenya hautiwi katika hesabu, kwani huchukuliwa kwamba ataiacha kazi hiyo atakapohama. Ndiyo maana ajira ya mwenzi, wala si ya mwombaji, hubeba uzito wote wa ombi. Akiba ya mwombaji huhesabiwa. Mshahara wake hauhesabiwi.

Nguzo Tatu za Ushahidi

Ushahidi wa ajira unasimama juu ya mafiga matatu, na figa moja likikosekana chungu huanguka. Mafiga hayo ni hati za mshahara, taarifa za benki na barua ya mwajiri.

Figa la kwanza ni hati za mshahara. Mdhamini aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja kwa miezi 6 au zaidi hutakiwa kuwasilisha hati za mshahara za miezi 6 iliyotangulia ombi. Anayelipwa kwa mwezi atakuwa na hati 6. Anayelipwa kwa wiki atakuwa na takriban 26, na zote zinahitajika. Hati inayoonyesha mwezi wa mwisho isiwe imepitwa na wakati, kwa kuwa ushahidi unatakiwa kukomea ndani ya siku 28 kabla ya tarehe ya ombi. Endapo hati hizo hazina sura rasmi, mathalani zimeandikwa kwa mkono au hazina jina la kampuni, mwajiri hutakiwa kuandika barua ya kuthibitisha kuwa ni zake.

Figa la pili ni taarifa za benki za kipindi kilekile, zinazoonyesha mshahara ukiingia katika akaunti ya mdhamini au akaunti yake ya pamoja na mwombaji. Hapa ndipo ukaguzi wa kina hufanywa. Afisa huchukua hati ya mshahara ya Machi, hutazama kiasi kilichobaki baada ya makato, kisha hukitafuta kiasi hicho katika taarifa ya benki. Kikionekana vilevile, hati mbili hizo zimeshuhudiana. Kisipoonekana, hati ya mshahara imebaki bila shahidi. Mdhamini anayelipwa fedha taslimu mkononi hukabiliwa na tatizo kubwa zaidi: kisichoingizwa benki hakihesabiwi. Akiingiza sehemu tu ya mshahara na kuitumia sehemu nyingine kabla haijafika benki, kitakachohesabiwa ni kile kilichoonekana katika taarifa, wala si mshahara kamili ulioandikwa katika hati.

Figa la tatu ni barua ya mwajiri. Wengi hudhani kwamba barua inayosema mtu fulani ni mfanyakazi mzuri na mwaminifu inatosha. Sivyo. Kanuni zinaitaka barua hiyo ithibitishe mambo manne: kwamba mdhamini ameajiriwa, pamoja na mshahara wake wa mwaka kabla ya makato, muda ambao amekuwa katika ajira hiyo, kipindi ambacho amekuwa akilipwa kiwango hicho cha mshahara, na aina ya ajira, yaani ni ya kudumu, ya mkataba wa muda maalumu, au ya kupitia wakala. Barua iliyojaa sifa lakini ikakosa hata moja ya nukta hizi haijatimiza wajibu wake. Nukta ya tatu ndiyo husahaulika zaidi. Mwajiri huandika kwamba mfanyakazi yupo tangu 2019 na kwamba mshahara wake ni pauni 30,000, asiseme mshahara huo ulianza kulipwa lini. Afisa hubaki na swali, na swali lisilojibiwa humdhuru mwombaji.

Pamoja na mafiga haya, mdhamini anaweza kuongeza mkataba wa kazi uliotiwa saini na hati ya kodi inayotolewa na mwajiri kila mwisho wa mwaka wa kodi. Hati hizi hutilia nguvu ushahidi, ila hazishiki nafasi ya yale matatu.

Ulinganifu wa majina nao ni muhimu. Wakenya wengi wana majina matatu. Pasipoti huenda ikabeba yote matatu, benki ikabeba mawili, na ofisi ya mishahara ikatumia jina la kwanza na herufi moja. Kwa wanaomjua, mtu ni mmoja. Kwa afisa, huenda wakawa watu watatu. Ni busara mwajiri ayataje katika barua yake majina yote kama yalivyo katika pasipoti, na kueleza kwamba jina lililofupishwa katika hati za mshahara ni la mtu huyohuyo.

Hesabu ya Mshahara

Kuwa na hati ni jambo moja. Hati hizo kufikisha kiwango ni jambo jingine. Kiwango cha pauni 29,000 kwa mwaka ni sawa na takriban pauni 2,417 kwa mwezi kabla ya makato. Namna ya kufikia jumla ya mwaka hutegemea iwapo mdhamini ana mshahara usiobadilika au hulipwa kwa saa.

Anayelipwa kwa saa hukokotolewa kwa wastani. Rejelea yule dereva wa Leeds. Chukulia kwamba katika miezi 6 alilipwa pauni 2,600, 2,350, 2,500, 2,280, 2,700 na 2,430. Jumla ni 14,860, na wastani wa mwezi ni takriban 2,477. Wastani huo ukizidishwa mara 12 hutoa pauni 29,720. Ingawa miezi miwili ilikuwa chini ya 2,417, wastani umevuka kiwango. Mkewe hana sababu ya kukata tamaa kwa sababu ya miezi hiyo miwili.

Mwenye mshahara usiobadilika hutazamwa kwa jicho jingine: kinachozingatiwa ni kiwango cha chini kabisa cha mshahara alichopokea ndani ya miezi 6. Chukulia mdhamini aliyekuwa akipata pauni 27,600 kwa mwaka, kisha akapandishwa hadi 30,000 miezi 3 iliyopita. Mwenyewe atasema, na ni kweli, kwamba sasa anapata 30,000. Lakini hati zake za miezi 6 zina miezi 3 ya mshahara wa zamani. Hivyo hesabu itamshusha hadi 27,600, na ombi litakwama.

Je, ana njia nyingine? Kanuni zina kundi la pili, linalokusudiwa hasa wale ambao hawajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wao au ambao mapato yao yamebadilikabadilika. Katika kundi hili mdhamini huthibitisha mambo mawili: kwamba mshahara wake wa sasa unafikia kiwango, na kwamba mapato aliyoyapokea katika miezi 12 iliyotangulia nayo yanafikia kiwango. Mdhamini huyu anatimiza la kwanza. Kwa la pili, alilipwa pauni 2,300 kwa miezi 9, yaani 20,700, na pauni 2,500 kwa miezi 3, yaani 7,500. Jumla ni 28,200. Bado amepungukiwa na pauni 800. Njia iliyo wazi kwake ni kusubiri miezi 3 zaidi ili hati zote 6 zionyeshe mshahara mpya. Subira huvuta heri, na hapa heri yenyewe inahesabika kwa kalenda. Ombi lililoharakishwa likakataliwa hupoteza ada pamoja na muda, na ada si haba: kuanzia Aprili 2025, ombi la mwenzi linalotumwa kutoka nje lilitozwa pauni 1,938, mbali na malipo ya huduma za afya.

Akiba nayo yaweza kuziba pengo. Pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi kamwe. Kinachozidi hapo ndicho hutumika, na pengo la mapato huzidishwa mara 2.5. Mdhamini mwenye pauni 27,600 ana pengo la 1,400. Pengo hilo mara 2.5 ni 3,500. Likijumlishwa na 16,000 hupatikana 19,500. Wanandoa wakiwa na akiba hiyo, na wakathibitisha kuwa imekuwa mikononi mwao kwa miezi 6, hawana haja ya kusubiri. Asiye na mshahara wowote na anayetegemea akiba pekee huhitaji pauni 88,500, kiasi ambacho wengi hawana.

Mambo mengine machache yanastahili kutajwa. Mdhamini mwenye kazi mbili anaweza kuyajumlisha mapato yake, mradi kila kazi ina hati zake. Malipo ya saa za ziada na bakshishi ya mwaka kutoka kwa mwajiri huhesabiwa yakithibitishwa, lakini marupurupu ya kumrudishia mfanyakazi gharama za usafiri hayahesabiwi. Aliye katika likizo ya uzazi au ya ugonjwa haadhibiwi kwa mshahara uliopungua, kwani anaweza kutumia hati za miezi 6 kabla ya likizo kuanza. Naye anayefanya kazi katika kampuni ndogo inayomilikiwa na yeye mwenyewe au jamaa zake huwekwa katika kundi tofauti, lenye kudai hati za hesabu na kodi za kampuni, kwa kuwa barua ya ndugu kumhusu ndugu haichukuliwi kuwa ushahidi huru. Anayepokea baadhi ya misaada ya ulemavu au ya kumtunza mlemavu husamehewa kiwango cha 29,000 na hupimwa kwa kigezo cha zamani cha kujikimu ipasavyo.

Mdhamini Anayefanya Kazi Kenya

Si wadhamini wote walio Uingereza. Kuna raia wa Uingereza, wakiwemo wenye asili ya Kenya, ambao wameoa au kuolewa Kenya na kufanya kazi Nairobi au Mombasa, kisha familia ikaamua kuhamia Uingereza pamoja. Mdhamini wa aina hii huthibitisha mambo mawili. Kwanza, ajira yake ya Kenya, kwa mafiga yaleyale matatu na kwa kiwango kilekile, shilingi zikibadilishwa kuwa pauni. Pili, kwamba amepata kazi Uingereza inayofikia kiwango, na ambayo itaanza ndani ya miezi 3 baada ya kurejea kwake. Barua ya kumpa kazi, yenye kutaja mshahara na tarehe ya kuanza, huwa hati muhimu sana hapa.

Ugumu ni dhahiri. Mishahara ya Kenya ikigeuzwa pauni hupungua, na mtu anayeishi kwa raha Nairobi anaweza kuonekana maskini katika hesabu ya London. Isitoshe, anayelipwa kwa fedha taslimu au kwa simu hulazimika kuonyesha kwamba malipo hayo yanapitia benki. Ndiyo sababu baadhi ya familia huamua mdhamini atangulie, afanye kazi Uingereza kwa miezi 6, ndipo mwenzi aombe. Uamuzi huo hutatua tatizo la hati lakini huzaa tatizo jingine: watoto hukaa nusu mwaka au zaidi bila mzazi mmoja.

Karatasi na Kazi katika Historia ya Kiswahili

Dai kwamba kazi haipo mpaka karatasi iseme si geni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Neno kibarua lenyewe ni ushahidi. Linatokana na barua. Katika miji ya pwani karne ya 19, mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi kilichothibitisha kazi yake, na kwa kikaratasi hicho akalipwa. Baadaye jina la karatasi lilimhamia mtu aliyeishika, kisha likaihamia kazi yenyewe. Wanaisimu huliita badiliko la namna hii uhamisho wa maana kwa ukaribu wa vitu.

Kumbukumbu ya pili ni chungu zaidi. Chini ya sheria ya usajili iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika nchini Kenya aliyefikisha umri wa miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande. Ndani yake mliandikwa jina lake, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara wake na tarehe za kuanza na kumaliza kazi. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kipande kilikuwa ushahidi wa ajira uliotumiwa kumfunga mtu asiondoke. Hati za mshahara zinazotumwa leo kwa afisa wa viza ni ushahidi wa ajira unaotumiwa kumwezesha mtu kusafiri. Makusudi yanatofautiana, lakini katika hali zote mbili neno la mwajiri hupewa uzito kuliko neno la mfanyakazi.

Dhima ya Mfasiri

Hati yoyote ambayo haiko katika lugha ya Kiingereza au ya Kiwelsh hutakiwa kuambatanishwa na tafsiri kamili. Tafsiri hiyo sharti ibebe kauli ya mfasiri kwamba ni tafsiri sahihi ya hati asilia, tarehe ya kutafsiri, jina lake kamili na saini, pamoja na namna ya kuwasiliana naye. Hati nyingi za Kenya huandikwa kwa Kiingereza, lakini barua ya mwajiri kutoka Tanzania, cheti kilichoandikwa na msajili wa ndoa anayetumia Kiswahili, au barua ya mzee wa mtaa huhitaji mfasiri. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili huitwa.

Mfasiri asiye mwangalifu anaweza kuharibu ombi bila kujua. Neno kibarua latosha kuwa mfano. Katika mazungumzo ya Kenya ya leo, hata kocha wa timu ya taifa husemwa kuwa amepoteza kibarua, na magazeti hayaoni kosa. Mfasiri akilikuta neno hilo katika barua na kulifasiri kwa maana ya kazi ya kutwa isiyo na mkataba, amebadilisha aina ya ajira, ambayo ni mojawapo ya zile nukta nne. Neno posho nalo lina mitego yake. Nchini Tanzania huweza kumaanisha malipo ya ziada juu ya mshahara. Nchini Kenya wengi hulihusisha na unga au mgao wa chakula. Neno mshahara peke yake halisemi iwapo makato yametolewa au la, na kanuni zinaitaka barua itaje kiasi kabla ya makato.

Je, mfasiri afanye nini anapokuta utata? Haruhusiwi kuuziba kwa kubuni. Wajibu wake ni kuifasiri hati kama ilivyo, kisha kumshauri mwenye hati arudi kwa mwajiri aombe barua iliyo wazi zaidi. Tafsiri si mahali pa kuongeza kile ambacho mwajiri alisahau. Saini ya mfasiri ni kiapo cha aina yake, na jamaa akimsihi aongeze neno moja tu ili kumsaidia bibi arusi, hana budi kukataa kwa upole.

Hatari ya Kughushi na Nafasi ya Rufaa

Kishawishi cha kughushi huja pale mapato yanapopungua kidogo tu. Mtu huambiwa kwamba kuna fundi wa hati mjini anayeweza kutengeneza hati za mshahara zisizotofautiana na halisi. Ushauri huo ni mtego. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza inaweza kulinganisha hati na rekodi za mamlaka ya kodi, na inaweza kumpigia mwajiri simu. Udanganyifu ukigunduliwa, ombi hukataliwa, na maombi ya baadaye yanaweza kukataliwa kwa kipindi cha miaka 10. Pengo la pauni 1,400 ambalo lingezibwa kwa subira ya miezi 3 hugeuka kuwa utengano wa muongo mzima. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.

Hati ikikosekana kwa bahati mbaya, mathalani taarifa ya benki ya mwezi mmoja kati ya sita, afisa ana mamlaka ya kuiomba kabla ya kuamua. Hata hivyo, anaweza kufanya hivyo, halazimiki. Kutegemea hisani hiyo ni kujenga juu ya mchanga. Ombi likikataliwa, mwombaji aliye nje ya Uingereza ana siku 28 za kukata rufaa kwa msingi wa haki ya maisha ya familia. Pia, tangu marekebisho ya 2017, pale ambapo kukataliwa kungeleta athari kali zisizo za haki kwa mwombaji, mwenzi wake au mtoto, afisa hutakiwa kutazama vyanzo vingine, kama vile msaada wa kuaminika kutoka kwa jamaa au kazi ambayo mwombaji ana matumaini ya kweli ya kuipata. Njia hii ni nyembamba, na huhitaji ushahidi wake wenyewe, lakini ipo.

Hitimisho

Makala hii imebainisha kwamba kuthibitisha ajira ya mwenzi hakuhusu kusema kweli peke yake, bali pia kuipanga kweli katika umbo ambalo mgeni anaweza kulikagua. Hati za mshahara, taarifa za benki na barua ya mwajiri sharti zishuhudiane kwa majina, kwa tarehe na kwa tarakimu. Mdhamini anashauriwa kuanza kuzikusanya miezi 6 kabla ya ombi, kumpa mwajiri orodha ya zile nukta nne badala ya kumwachia akisie, na kufanya hesabu yake mwenyewe kabla afisa hajaifanya.

Kwa wasomi wa Kiswahili, somo ni pana zaidi. Nyuma ya kila barua ya ajira inayoletwa ili itafsiriwe kuna meza yenye kiti kitupu, na huenda kuna mtoto anayemjua baba kwa sauti ya simu tu. Neno likifasiriwa kwa usahihi, kiti hicho huenda kikapata mwenyewe. Likifasiriwa kwa pupa, daftari litakuwapo, lakini mali itapotea vilevile.